Treni ya modeli izunguke kutwa nzima mgahawani: inawezekana, na inatunzwaje?

Swali la msomaji wa Mtwara:

"Fundi, habari za kazi. Nina mgahawa mdogo Shangani, tunauza chipsi, samaki na juisi. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, akaniachia treni ya modeli aliyoinunua Marekani: kichwa kimoja, mabehewa sita, reli zake na transfoma. Nimeifunga juu ya ubao mzima wa plaiwudi, futi 8 kwa 4, inazunguka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa moja jioni. Watoto wanaipenda mno. Sasa mwezi huu imeanza kusitasita, upande wa mbali inakwama, taa inafifia, na juzi kichwa kimetoa harufu ya kuungua. Fundi wa jirani alipiga reli msasa, ikapona siku mbili ikarudi kulekule. Je, treni hizi zinaweza kukimbia kutwa bila kupumzika? Nifanye nini idumu?"

Jibu:

Kaka, salama kabisa, na pole kwa msiba wa mjomba. Jambo la kwanza, izime leo na usiiwashe tena mpaka umalize kusoma. Harufu ya kuungua si ya kupuuza, na ukiendelea kulazimisha utapoteza mota ambayo huenda bado inaponyeka.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, treni ya modeli inaweza kuzunguka kutwa, hata mwaka mzima. Huko Hamburg, Ujerumani, kuna maonyesho yanayoitwa Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, ambako treni za kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi, zinakimbia mbele ya watu siku hadi siku. Lakini hawamwachii kichwa kimoja kazi yote. Wana vichwa vingi na wana karakana yenye mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu. Kinachowezekana ni treni kuonekana inakimbia kutwa. Kichwa kimoja kukimbia saa kumi mfululizo, kila siku, mgahawani, pembeni ya bahari, hilo ndilo lisilowezekana kwa muda mrefu.

Tupige hesabu uone unachokidai. Kwa ubao wa futi 8 kwa 4, mzunguko mmoja ni kama mita 6. Treni ikienda mwendo wa kiasi, sentimita 20 kwa sekunde, mzunguko unachukua nusu dakika. Kwa saa kumi hiyo ni mizunguko 1,200, yaani zaidi ya kilomita 7 kwa siku. Kwa mwezi, kichwa chako kinatembea karibu umbali wa kutoka Mtwara hadi Masasi. Gurudumu lake lina kipenyo cha kama sentimita moja, kwa hiyo linajizungusha takriban mara 6 kila sekunde. Tukichukua gia inayopunguza mwendo mara 20, mota ndani inazunguka mara 120 kwa sekunde, mizunguko zaidi ya milioni 4 kwa siku. Kaboni zake, ambazo ni vipande vidogo kuliko punje ya mchele, zinasuguliwa mara zote hizo. Vifaa hivi vilibuniwa kwa mtu atakayecheza saa moja au mbili jioni akarudisha kwenye boksi. Kwa hiyo uliyoyaona mwezi huu ni uchakavu wa kawaida uliokuja mapema, na unatibika.

Tuanze na harufu, maana hilo ndilo la hatari.

Umesema transfoma imetoka Marekani. Geuza uangalie karatasi yake ya nyuma. Bila shaka imeandikwa 120V, 60Hz. Umeme wetu ni 230V, 50Hz. Kwa kuwa haikulipuka siku ya kwanza, nadhani unatumia ile transfoma ya kushusha kutoka 230 kwenda 110. Wengi wanaishia hapo wakidhani wamemaliza. Kifaa cha kushusha kinapunguza volti tu, hakigusi hizo hezi. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60Hz ukiilisha 50Hz, chuma chake cha ndani kinabeba sumaku nyingi kuliko kilivyopangiwa, nayo inapata joto zaidi hata kama volti ni zilezile. Kwa nusu saa haisemi kitu. Kwa saa kumi, katika joto la Mtwara la Desemba, imefungiwa chini ya meza bila hewa, itachoka na vanishi ya koili zake itaanza kunuka.

Kwa hiyo kwanza jua harufu imetoka wapi. Nusa transfoma, halafu nusa kichwa, kila kimoja peke yake. Kama ni transfoma, iweke kwenye kabati iwe kumbukumbu ya mjomba. Nunua adapta ya 230V inayotoa umeme wa DC wa volti 12, ampea 2, aina ile inayotumika kwa taa za LED au kamera za ulinzi, madukani zimejaa. Kati ya adapta na reli weka kidhibiti cha mwendo wa mota za DC, kile kibao kidogo cha saketi chenye kitufe cha kuzungusha. Chagua kinachokubali volti 12 na kisichopiga kelele ya mbu mota ikienda polepole. Ongeza fyuzi ya ampea 1 kwenye waya mmoja unaokwenda relini, maana behewa likianguka na kuunganisha reli mbili, adapta yenye nguvu inaweza kuyeyusha plastiki kabla hujafika. Pia usikimbize treni kwa volti 12 kamili. Kwa onyesho la mgahawani, volti 6 hadi 8 zinatosha, watoto wanaona mabehewa vizuri zaidi, na mota inaishi maradufu.

Na umeme wenyewe? Unajua hali inavyokuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita, kiweke na hapa. Umeme ukikatika, zungusha kidhibiti hadi sifuri. Treni isirudi kukimbia yenyewe wakati wewe uko jikoni.

Kama harufu imetoka kwenye kichwa, fungua bodi lake, kwa kawaida ni skrubu moja chini au vibano vya plastiki ubavuni. Utaona mota, kaboni zake mbili zikikandamizwa na springi ndogo, na kile kiduara cha shaba kwenye shafti ambacho kaboni zinagusa. Kiduara hicho kimegawanywa vipande, mara nyingi vitatu au vitano, na kati ya kipande na kipande kuna mfereji mwembamba kama uzi. Mfereji ukijaa unga mweusi wa kaboni uliochanganyika na mafuta, umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande bila kupita kwenye koili. Mota inapoteza nguvu, inavuta umeme mwingi, inapata joto, ndipo inanuka. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, cha mbao, ukipitishe kwenye kila mfereji taratibu. Usitumie sindano wala wembe, utakwaruza shaba. Kisha kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, zungusha shafti kwa kidole mpaka shaba ing'ae rangi yake.

Ukimaliza, chukua multimita upime ukinzani kati ya kipande na kipande, kaboni zikiwa zimetolewa. Kwa mota ya vipande vitatu utapata namba tatu. Zikikaribiana, amecha, yaani ile sehemu ya mota inayozunguka na koili zake, ni nzima na umeokoka. Moja ikiwa chini sana au haionyeshi kitu kabisa, koili imeungua. Hapo tafuta mota nyingine, usimsumbue fundi kuisuka upya kwa waya mwembamba kuliko unywele. Kaboni zilizobaki fupi kiasi kwamba springi haizisukumi tena, badilisha. Jambo moja la tahadhari: kama ni kichwa cha zamani chenye sumaku kubwa ya chuma inayotoka, usiitoe. Sumaku za aina hiyo zikitenganishwa na chuma chake hupungua nguvu, na mota haitarudi kuwa ileile.

Sasa tuje kwenye kusitasita, ambako nadhani ndiko kwenye kiini cha tatizo lako.

Treni hii inapata umeme kupitia mguso wa gurudumu na reli, na mguso huo ni kidoti kidogo sana. Chochote kitakachokaa hapo katikati kinakata njia. Futa reli kwa kidole chako kilichovikwa kitambaa cheupe, futi moja tu. Utaona mstari mweusi unaonata. Weusi huo una vitu kadhaa ndani yake. Kuna vumbi na nyuzi za nguo zinazoshushwa na feni. Kuna oksaidi inayotokana na cheche ndogo zinazoruka kila gurudumu linaponyanyuka kidogo. Na kwako wewe, kaka, kuna mafuta ya chipsi. Karai likichemka, mvuke wake wa mafuta unatembea chumba kizima na kutua kila mahali, hata kwenye ukuta utaona unjano. Unapotua kwenye reli unakuwa gundi ya vumbi. Ongeza unyevu wa bahari wenye chumvi, umepata uchafu ambao hakuna treni itakayouvumilia wiki mbili.

Ndiyo maana msasa ulisaidia siku mbili tu. Msasa uliondoa uchafu, lakini umeacha mikwaruzo kwenye uso wa reli, na mikwaruzo hiyo inashika uchafu mpya haraka kuliko uso laini. Mwambie jirani ahsante, lakini asirudie. Reli zilizokwaruzwa unaweza kuzituliza kwa kusugua mgongo wa kijiko cha chuma cha pua juu yake, kwa nguvu, kwenda na kurudi mpaka zilainike.

Kabla hujahangaika na usafi, jua reli zako ni za metali gani. Leta sumaku. Ikishika, ni za chuma, na chuma hapa pwani kitaota kutu ukikiangalia. Isiposhika na rangi ni ya njano kama kitasa cha mlango, ni shaba iliyochanganywa na zinki, ile tunayoita brasi. Hii haili kutu lakini inafunga utando usiopitisha umeme vizuri. Isiposhika na rangi ni ya fedha yenye unjano kwa mbali, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hizo ndizo nzuri, maana hata zikichafuka kidogo bado zinapitisha umeme. Seti za zamani za Marekani nyingi zina reli za chuma au brasi. Ukinikuta na jibu kwamba zako ni za chuma, nitakwambia bila kuzunguka: zibadilishe. Hakuna usafi utakaoshinda kutu ya Shangani. Ukinunua, pima nafasi kati ya reli na reli, ndani kwa ndani. Kama ni milimita 16.5, kipimo chako ni HO, yaani 1:87, na ndicho rahisi kupata vipuri duniani kote. Ikiwa ni milimita 9, ni kipimo cha N, na hivyo vidogo hivyo sivipendekezi kabisa kwa mgahawa.

Hapa nitoke nje kidogo. Wazee wa Mtwara wengi watakuuliza kama hiyo ndiyo treni ya Nachingwea. Wanayo kumbukumbu yao: reli ya kusini ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaunganisha bandari na Nachingwea, tawi la Masasi likafunguliwa baadaye, na miaka ya mwanzo ya uhuru ikafungwa na kung'olewa kwa kukosa mzigo wa kutosha. Reli ile ilikuwa ya upana wa mita moja. Kwa kipimo cha 1:87 ingehitaji reli ndogo za karibu milimita 12. Hizi zako za 16.5 zinalingana na upana wa SGR, milimita 1,435. Ukitaka siku moja kuwajengea wazee ile reli yao, na ningefurahi sana ukifanya hivyo, inabidi uagize vifaa vya HOm, vile vya reli za milimita 12. Usijaribu kubandika vichwa vyake kwenye reli ulizonazo.

Turudi kwenye usafi. Tumia spiriti inayokauka bila kuacha kitu. Zinazouzwa famasi hazifanani. Nyingine zimetiwa mafuta kidogo ili zisikaushe ngozi, na hizo zitakuachia utando uleule unaoukimbia. Jaribio ni rahisi: dondosha tone juu ya kioo, liache likauke, kisha tazama kwa pembeni kwenye mwanga. Likiacha doa au ukungu, hiyo si ya reli. Petroli usiiguse, inakula plastiki na mgahawani kuna moto. Mafuta ya taa yanaacha utando na harufu. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo hapana, magurudumu yatateleza na plastiki italainika. Na hata spiriti inashika moto: zima umeme wa reli, zima jiko, fungua madirisha, acha ikauke ndipo uwashe.

Kitambaa kiwe kile kisichotoa nyuzi, mfano fulana ya pamba iliyochakaa na kufuliwa mara nyingi. Kifunge kwenye kipande cha mbao, kilowanishe kidogo, pitisha reli zote mbili, geuza upande kila kinapochafuka. Malizia kwa kitambaa kikavu. Ubao wako hauchukui dakika kumi. Fanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua, kabla karai halijawashwa.

Halafu magurudumu, ambayo watu huyasahau. Reli safi na magurudumu machafu ni kazi bure, kwa sababu mzunguko wa kwanza tu uchafu unarudi relini. Kwa kichwa, tandika kitambaa chenye spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya mbele juu ya kitambaa na ya nyuma yabaki kwenye reli tupu. Shika kichwa kwa vidole, washa umeme kidogo. Magurudumu ya mbele yatajisugua yenyewe kwenye kitambaa, utaona mistari miwili myeusi inajichora. Geuza upande wa pili, rudia. Hapa spiriti iwe ya unyevunyevu tu, isichuruzike, kwa kuwa umeme umewashwa. Kama magurudumu mengine yamevishwa vipete vya mpira, hivyo usivilowanishe; angalia kama vimekakamaa au kupasuka, ubadilishe. Mabehewa nayo, kama yana magurudumu ya plastiki, badilisha yawe ya chuma. Plastiki inakusanya uchafu na kuusambaza kama rola ya rangi. Hiyo ni pesa ndogo itakayokupunguzia kazi kuliko chochote kingine kwenye ukurasa huu.

Kukwama upande wa mbali na taa kufifia kuna sababu yake. Umeunganisha waya sehemu moja tu, karibu na transfoma, na umeme unasafiri kwa kupitia viungio vidogo vya bati kati ya reli na reli. Kila kiungio kikishika kutu, unapoteza volti. Pima: weka kidhibiti volti 10 kichwa kikiwa kinavuta, pima karibu, kisha pima upande wa mbali. Ukipata 10 huku na 7 kule, umejipatia jibu. Dawa yake ni kupitisha jozi ya waya za nyumba, za 1.5 mm², nyekundu na nyeusi, chini ya ubao kuuzunguka wote, na kila mita moja kupandisha waya mwembamba na kuulehemu kwenye ubavu wa nje wa reli. Nyekundu ifuate reli ileile mwanzo mwisho, ukikosea mahali pamoja umetengeneza shoti. Usilehemu viungio vyote, acha baadhi vikiwa huru na nafasi nyembamba kati ya reli, maana plaiwudi inatanuka masika na kusinyaa kiangazi, na reli zisipokuwa na pa kwenda zitapinda.

Mafuta sasa. Watu wa mashine tunapenda mafuta, lakini kwa treni ndogo mengi ni ugonjwa. Tone moja, la ukubwa wa ncha ya sindano, kwenye kila upande wa shafti ya mota na kila ekseli ya kichwa. Gia zipate grisi kidogo isiyodhuru plastiki. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa kwenye shafti za chuma, ila yaliyoandikwa kwamba hayaharibu plastiki ndiyo bora. Mafuta ya nazi au ya kupikia, hata kidogo, usitie. Yanaganda na kuwa gundi. Na tone lisifike kwenye kaboni wala kile kiduara cha shaba, la sivyo utarudi kwenye ile harufu. Kwa mwendo wako, mafuta kila baada ya wiki mbili yatatosha ukishaanza zamu.

Hizo zamu ndizo ushauri wangu mkubwa. Nunua vichwa viwili zaidi, vya aina moja ili vipuri vya kimoja viokoe kingine. Kila kimoja kifanye kazi saa moja, kisha kipumzike mpaka kipoe kabisa. Kabla ya kuanza kazi, kichwa kipya kikimbie bila mabehewa nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma, kwa mwendo wa wastani, ili kaboni zikae kwenye shaba. Jioni geuza treni, kesho izunguke upande mwingine, kwa sababu ikipinda upande mmoja daima magurudumu ya upande huo yanaliwa peke yake. Na gusa bodi lake kila unapopita: ukiweza kuacha kidole hapo bila kuhisi kuungua, endelea, ukishindwa, toa.

Ila kama ungeniuliza mimi ningefanyaje mgahawani kwako, nisingeiacha izunguke kabisa. Ningeweka kitufe kikubwa chekundu kwenye ukingo wa meza, urefu wa mtoto wa miaka mitano, kikiunganishwa na taima ya dakika mbili. Mtoto anabonyeza, treni inaondoka stesheni, inapiga mizunguko minne, inasimama. Simama uwatazame watoto: kinachowashika ni treni kuanza kwenda. Ikizunguka kutwa, baada ya robo saa hakuna anayeitazama, inakuwa kama feni. Wakibonyeza mara 40 kwa siku, treni imefanya kazi saa moja na dakika 20 badala ya saa kumi, na kichwa kimoja cha akiba kitakutosha. Taima ya volti 12 ni kibao cha saketi cha bei ndogo, fundi yeyote wa redio atakufungia. Sehemu yote ya 230V ifungiwe kwenye boksi mbali na mikono yao; volti 12 za relini hazina madhara kwa mtoto, za ukutani zinaua.

Mahali pa meza pia pahame. Iondoe kwenye njia ya hewa inayotoka jikoni na usiiweke chini ya feni. Ukiweza, ifunike kwa boksi la kioo au plastiki angavu, ukiacha matundu ya hewa chini yenye wavu. Utapunguza vumbi, mafuta, vidole vya aiskrimu, na mijusi pia. Kinyesi cha mijusi ya ukutani kikikaukia juu ya reli, treni inaruka njia. Usiku tandika shuka safi la pamba, usitandike nailoni, maana nailoni inazuia unyevu kutoka. Miguu ya meza ikisimama kwenye sakafu ya udongo au karibu na ukuta wenye njia ya mchwa, iwekee vikopo vya bati vyenye oili chafu, kagua kila wiki. Plaiwudi kwa mchwa wa kusini ni chakula kilichopikwa.

Mabehewa ya mjomba, angalia ekseli zake kwa jicho. Umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili kwenye HO ni karibu milimita 14.4; yakisogeleana au kutawanyika, behewa litaanguka kila likipita kwenye swichi ya reli. Unaweza kuyavuta kwa vidole taratibu mpaka yakae sawa. Kuhusu mifumo ya dijitali ambayo utaiona mtandaoni, kwa mzunguko mmoja huihitaji, na yenyewe inadai reli safi kuliko hii uliyonayo.

Nunua daftari la shilingi chache. Fundi akufungie ampia-mita ndogo ya kudumu kwenye waya wa kidhibiti, na kila asubuhi, baada ya usafi, kichwa kikiwa kinavuta mabehewa yote sita kwa volti 8, andika inavuta ampea ngapi. Kichwa kizima cha HO mara nyingi kinakaa kati ya 0.2 na 0.4, vya zamani vinaweza kuvuta zaidi. Namba ikipanda siku baada ya siku, kuna kitu kinakwama: ekseli imekauka, unywele umejisokota kwenye gia, au kaboni zimechafuka. Utajua wiki nzima kabla ya moshi.

Ukishafungua kichwa na kupima amecha, niandikie zile namba za ukinzani na uniambie sumaku ilishika reli au haikushika. Kwa hayo mawili nitakuambia kama ununue mota tu, au mota na reli, ili usitume pesa Dar es Salaam mara mbili.